Jina la Ukoo Halifasiriwi kwa Kamusi

Umeenea katika vyuo na katika mabaraza ya harusi mchezo mmoja ambao sasa umeanza kuvaa joho la elimu. Mtu hutaja jina lake la ukoo, na mwingine, ambaye pengine hajapata kufika Kalenga wala Rungwe, hulikata vipande viwili au vitatu, akatafuta kila kipande katika kamusi ya Kiswahili, kisha akatangaza maana. Ka- ni udogo, -linga ni kulinganisha. Basi Kalinga ni mtu mdogo mwenye kulinganisha. Wasikilizaji hucheka, mwenye jina hufurahi au hununa, na mambo huishia hapo. Lau yangaliishia hapo kweli, pasingalikuwa na haja ya kuandika neno. Lakini mchezo huu huonekana siku hizi hata katika tasnifu za wanafunzi, nao hunukuliwa, na ukinukuliwa mara ya pili huwa ushahidi.

Hoja ya makala hii ni kwamba jina la ukoo katika Nyanda za Juu Kusini, yaani katika nchi ya Iringa na ya Mbeya kwa mipaka yake ya zamani, kabla Njombe haijatengwa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, halifunguki kwa kamusi peke yake. Maana yake imo katika mtu wa kwanza aliyeitwa hivyo, katika kinywa kilichomwita, na katika mkono ulioliandika. Asiyejua hayo matatu, akisema maana ya jina, husema maana ya kichwa chake mwenyewe.

Na aijaribu msomaji kanuni ya kamusi kwa majina yasikikayo kila siku kutoka Makambako hata Tukuyu. Kikoti ni jina la Wahehe. Kwa kamusi, kikoti ni koti dogo, na koti ni neno lililotoka kwa Waingereza. Basi ukoo mzima ungalipaswa kumngoja fundi cherehani ndipo upate kuitwa. Mbilinyi angalikuwa ndugu wa biringanya. Sanga, jina lililojaa Makete na katika maduka yote ambako Wakinga wamekwenda kufanya biashara, lingalifungwa kwenye kitenzi cha kushangaa, ambacho si cha Kikinga. Mtu atakaye kujua kwa nini akina Sanga ni wengi kiasi hicho hana budi kuuliza habari za utawala wa Ukinga, kwa kuwa Sanga ni jina la nyumba za watawala wa huko, na jina la mtawala huvuta watu kama moto uwavutavyo wenye baridi. Kitenzi hakitamsaidia.

Upo mfano ulio bora zaidi, nao watoka upande wa pili wa vita. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivamia pale Lugalo kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakamwua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Watu walimwita Zelewski kwa jina la Nyundo. Tom von Prince, aliyeshiriki kuiangusha ngome ya Kalenga mwaka 1894, aliitwa Bwana Sakarani. Sasa achukuliwe mwanafunzi wa mwaka 2100 asiyepata kuisikia Lugalo, apewe neno Nyundo na kamusi. Atasema, bila kusita, kwamba huyo alikuwa mhunzi na kwamba ukoo wake ulifua majembe. Hapana kosa la sarufi katika kazi yake. Nomino ameifasiri sawasawa. Mtu ndiye aliyempotea.

Watetezi wa kamusi hujibu kwa jina moja, nalo ni Mkwawa. Husema: je, hili halifasiriki? Je, si ufupisho wa Mkwavinyika, na Mkwavinyika si mwenye kuzitwaa nchi nyingi? Ni kweli, na jibu hilo lastahili kupimwa kwa haki. Lakini fasiri hiyo yaaminika kwa sababu gani? Yaaminika kwa kuwa vita vyake vyajulikana, jirani aliopigana nao wajulikana, na watu waliomsifu kwa sifa hiyo walikuwa na wajukuu waliosimulia. Kama hayo yote yangalisahauliwa, likabaki neno tupu, wangalitokea wajuzi wa kusema kwamba ni jina la mchunga mifugo wa nyikani. Historia ndiyo iliyoifanya kamusi iseme kweli.

Tena jina hilo lina habari zaidi ya ile fasiri. Mtawala huyo alikuwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba aliyefariki mwaka 1879, wa nyumba ya Mwamuyinga. Ikiwa jina la ukoo ni jina la nyumba, basi ukoo wake ni Mwamuyinga, na Mkwavinyika ni sifa ya mtu mmoja. Kwa Kihehe sifa yenyewe hutamkwa Mukwavinyika. Kiswahili kiliimeza irabu ya mu-, kama kilivyozoea. Mkia wote wa neno ukakatwa. V ikageuka w. Wajerumani wakaandika Quawa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu chake cha 246, ukaidai Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa, na kwa njia hiyo sifa iliyokatwa mkia ikaingia katika sheria ya mataifa. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954, miaka hamsini na sita baada ya mwenyewe kujiua ili asikamatwe. Mjukuu wake, aliyekuwa mtemi wa Wahehe wakati huo na aliyekuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 1962, alijulikana kwa jina la Adam Sapi Mkwawa. Na msomaji ahesabu: Adam ni jina lake mwenyewe, Sapi ni la baba yake, Mkwawa ni la babu yake. Mwamuyinga hayumo. Leo Mkwawa ni jina la ukoo, la shule, na la chuo kikuu kishiriki pale Iringa, na mgeni aweza kudhani limetoka enzi za Adamu wa kwanza, ilhali ni sifa ya mtu aliyekufa mwaka 1898.

Ikiwa nyumba iliyo mashuhuri kuliko zote katika nchi hizo ilibadilika jina katika vizazi vitatu mbele ya macho ya ulimwengu, itakuwaje kwa nyumba ambazo hakuna aliyeziandika ila karani wa kodi?

Huyo karani hakumbukwi vya kutosha. Kodi ya nyumba iliwekwa na Wajerumani mwaka 1897, na Waingereza wakafuata na sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kodi yataka daftari, na daftari lataka jina lisilobadilika mwaka hata mwaka. Mtu wa nyanda hizo alikuwa na jina alilopewa utotoni, na jina la nyumba, na sifa, na jina aliloitwa na marika wake. Karani alikuwa na mstari mmoja. Alichagua alilolisikia kwanza, akaliandika kwa tahajia aliyofundishwa na watu wa pwani au na wamisheni. Lugha nyingi za huko hazina r, lakini kitemi cha Usangu kikaandikwa Merere, na mji wa ngome, lilinga, ukawa Iringa. Merere lenyewe lilishikwa na watawala zaidi ya mmoja wa Usangu, mmoja baada ya mwingine, hata likawa kama cheo. Mwaka 1963 utemi ulipofutwa kwa sheria, cheo kiliondoka, jina likabaki kuwa la familia.

Kisha ikaja safari ya kazi. Wabena, Wakinga na Wahehe walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na tangu mwaka 1944 ilikuwapo ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, iliyokuwa ikiwakusanya. Wanyakyusa walikwenda Lupa kwenye dhahabu, na wengine wakavuka hata migodi ya shaba ya kaskazini mwa Zambia ya leo. Waliochukuliwa kwa mkataba kwenda kwenye mkonge waliitwa manamba, neno lililotokana na namba za kuandikishwa kwao. Kiswahili kimelihifadhi neno hilo bila haya. Mtu aliyeitwa namba kwa miaka miwili, akarudi Njombe na kipande chenye tahajia ya msimamizi wa Tanga, wakati mwingine alirudi na jina jipya la wanawe. Majina ya namna hiyo yamo katika shule za leo, na hakuna mzizi wa Kibantu utakaoyaeleza.

Wala kazi hiyo ya kuzaa majina ya ukoo haijakoma. Wanyakyusa huwapa watoto wao majina yaliyo wazi kabisa: Lusajo ni baraka, Lugano ni upendo, Lusekelo ni furaha, Ipyana ni neema, Tusajigwe ni tumebarikiwa, Ambwene ni ameniona. Haya yafasirika, tena sharti yafasiriwe, maana mzazi aliyachagua kama maneno, siku moja, kwa sababu aijuayo, na mara nyingi sababu hiyo ni kilio au shukrani. Lakini fomu ina visanduku vitatu, na familia nyingi hujaza kisanduku cha tatu kwa jina la babu. Babu aliyeitwa Lusajo kwa sababu alizaliwa baada ya watoto wawili kufa atakuwa, katika kizazi cha nne, ukoo wa Lusajo. Naye mjuzi wa kamusi atakuja kueleza kwamba ukoo huo tangu asili ulijulikana kwa baraka.

Kosa la pili la mchezo huu ni baya zaidi kwa kuwa hugusa uraia. Hufikiriwa kwamba kiambishi cha jina ni kitambulisho cha kabila, na hasa kwamba kila Mwa- ni Mnyakyusa. Ni kweli kwamba Unyakyusa ndiko Mwa- ilikoshamiri: Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakyembe, Mwandosya, na mamia mengine, kila moja likimrejesha mtu kwenye nyumba ya mzee fulani. Hata jina la Wanyakyusa latokana na nyumba ya Mwakyusa, na kuenea kwake juu ya watu wa Selya, Wakukwe na wengine wa Rungwe ni mambo ya utawala wa Kiingereza, kwa kuwa Wajerumani na wamisheni wa kwanza waliwaita Wakonde. Jina la nyumba moja likawa jina la kabila! Lakini Mwa- haikuishia Rungwe. Iko kwa Wasafwa, iko kwa Wandali, iko kwa Wanyiha, na nyumba ya Mkwavinyika mwenyewe, Mhehe wa Wahehe, ni Mwamuyinga. Mbali kabisa na hapo, Wataita na Wadigo wa Kenya wana Mwa- zao zisizohusiana na Ziwa Nyasa hata kidogo.

Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake. Swali lilipofutwa katika karatasi, wako walioendelea kuliuliza kwa macho, na jina la ukoo likawa ndilo jibu. Mtu husoma orodha ya waombaji kazi, akaona Mwa- tatu, akanong'ona kwamba wale jamaa wa Mbeya wamejaa. Pengine mmoja ni Mhehe na mwingine ni wa Kwale. Ubaguzi ni dhambi hata ukikisia kwa usahihi. Lakini inastahili kusemwa kwamba ubaguzi huu hata kukisia haukujui, na kwamba umepata silaha yake kutoka kwa wasomi waliogawa majina kwa makabila kama mtu agawavyo mbegu kwenye vikapu.

Sasa yafaa kufika kwenye jambo ambalo kamusi haikuliona kabisa, nalo ni wanawake.

Masimulizi ya Wahehe juu ya asili ya nyumba ya Muyinga yanamtaja mwindaji, Mfwimi, aliyetoka Ikombagulu akafika kwa mtawala aitwaye Mwamduda. Binti wa mtawala huyo, Semduda, alichukua mimba ya mgeni. Mwindaji alipokuwa akiondoka aliacha agizo: mtoto akiwa mwanamume aitwe Muyinga. Watu wamezoea kulisoma simulizi hili kwa ajili ya mwindaji na mwanawe. Mwanaisimu na asome tena majina ya baba na binti. Baba ni Mwamduda, binti ni Semduda. Ukoo ni mmoja, viambishi ni viwili: Mwa- kwa mwanamume, Se- kwa mwanamke. Binti hakuwa na haja ya kuazima jina la kiume ili ajulikane kwao ni wapi. Jina lilikuwa na umbo lake, lenye heshima yake, tena alilibeba hata alipoolewa. Umbo hilo husikika bado nyumbani, wazee wanapomwamkia mwanamke kwa adabu. Katika cheti cha kuzaliwa halimo.

Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, pamoja na jirani zao Wamambwe, wana utaratibu ulio wazi zaidi. Mwanamume ni Simwinga, dada yake ni Namwinga. Mwanamume ni Sichalwe, dada yake ni Nachalwe. Sinyangwe na Nanyangwe vilevile. Hapa Si- na Na- hufanya kazi ambayo sarufi ya Kiswahili haina, kwa kuwa Kiswahili hakigawi mwanamume na mwanamke kwa viambishi, na pengine ndiyo sababu makarani waliosomeshwa kwa Kiswahili waliiona tofauti hiyo kuwa kosa la tahajia. Si mara chache msichana huingia darasa la kwanza akiwa Na- na kutoka na cheti akiwa Si-. Amepewa jina la kaka yake. Mtu akimfasiria jina hilo kwa kamusi baada ya hapo, anafasiri kosa la karani.

Na ulimi wa mwanamke ndio uliokuwa mlinzi mkali wa majina hayo. Wanyakyusa walikuwa na ingamwana, yaani msemo wa heshima wa mke aliyeolewa. Mke hakumkabili baba mkwe, hakulitamka jina lake, wala hakuyatamka maneno ya kila siku yaliyofanana nalo kwa sauti. Kama jina la mkwe lilikaribiana na neno la maji, mke alitafuta neno jingine la maji, akaombea maji hayo maisha yake yote, na wanawake wenzake walimwelewa. Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika mengi juu ya mkwe na mkaza mwana kuepukana. Naye Monica alikuwa amekwisha kuchunguza maisha ya Wapondo wa Afrika Kusini, ambako wake huwa na adabu ya namna hiyohiyo katika kusema. Hebu mjuzi wa kamusi afikiri. Jina la ukoo liliweza kufukuza nomino na vitenzi katika kinywa cha mwanamke, na msamiati mzima ukatungwa kulizunguka. Uzito wa jina ulipimwa kwa maneno yaliyokatazwa kwa ajili yake. Ni kamusi gani iandikayo maneno yasiyosemwa?

Wenye ofisi wana pingamizi lao, nalo si la kupuuzwa. Husema kwamba serikali haiwezi kufuata maumbo mawili ya jina moja. Kwamba siku ya mirathi kaka Simwinga na dada Namwinga watasimama mbele ya hakimu wakionekana kama watu wasiojuana, na dada ndiye atakayepoteza shamba. Hatari hiyo ipo. Lakini yatoka katika ujinga wa msomaji wa karatasi, na ujinga huo waweza kuondolewa kwa ukurasa mmoja wa maelezo kwa makarani. Waisilandi humwandika mwana kwa -son na binti kwa -dóttir, na mirathi yao hugawanywa. Wapoland humwandika mume kwa -ski na mke kwa -ska. Hata yule Nyundo wa Lugalo alikuwa na jina lenye umbo la Kipoland: katika Kipoland dada yake angaliitwa Zelewska, lakini madaftari ya Kijerumani aghalabu yaliwaandika wote kwa -ski. Dola iliyoufuta mkia wa kike wa majina ya raia wake yenyewe haikutazamiwa kuutunza ule wa Uhehe. Swali ni kwa nini sisi tuliopata ofisi hizo mwaka 1961 tuliendelea na daftari lilelile.

Basi idara za Kiswahili zina kazi ya kufanya kabla wazee hawajaisha. Mwanafunzi atumwaye Kilolo, Makete, Busokelo au Momba asipewe orodha ya majina ili ayafasiri. Apewe maswali: nani wa kwanza kuitwa hivi, na nani alimwita, dada zake waliitwaje, ukoo huamkiwaje, na una mwiko gani wa chakula, wakeze waliliepukaje, liliandikwa lini mara ya kwanza, katika daftari gani, kwa tahajia ipi. Akirudi na majina kumi yaliyojibiwa hivyo, amefanya kazi kuliko aliyerudi na mia tatu yenye maana. Na mahali ambapo mzee atasema hajui, mwanafunzi aandike kwamba mzee hajui, asiiende kamusi kuomba msaada.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde ni barabara moja yenye soko pande zote mbili, na Wanyamwanga huivuka kwenda kuzika. Upande wa Zambia, Namwinga na Nanyangwe ni majina yaandikwayo katika vyeti bila mtu kushangaa. Upande wa pili, binamu wa mwanamke huyohuyo huweza kuwa Simwinga katika kila karatasi aliyonayo. Msibani, mbele ya jeneza, wote wawili huitwa kwa Na-.